Kovu Jeupe la Pomboo

Tangu nihitimu sina kazi, kwa hiyo najitolea. Nikiwa nyumbani Kakamega, nalinganisha picha za mapezi ya pomboo kwenye kompyuta ili watafiti wa Pwani wawatambue na kuwalinda.

Juzi niliona kovu jeupe kwenye pezi. Picha iliyofuata, kovu lilelile. Nikawaza ugonjwa, nikawaza sumu baharini, nikakosa usingizi. Asubuhi nikaomba kikao cha dharura kwa video.

"Kijana, sisi hatuoni kovu lolote," mratibu akasema.

"Liko hapa!" nikasisitiza, karibu nilie.

Mama, aliyekuwa akipita nyuma yangu, akainama. "Wewe! Si hii ni obusuma, ile ugali ya juzi? Unakulanga hapa kwa kompyuta kila siku!"

Akalikwangua kwenye skrini kwa ukucha. Pomboo wote wakapona, watafiti wakitazama.