Jirani Asiyepewa Moto

Paskazia, mama yake Masalu, aliolewa kutoka Shinyanga akaletwa huku Geita kabla mlima haujageuzwa shimo. Kisima cha pale kwake alikichimba yeye na marehemu mumewe, kwa jembe na karai, na ukoo mzima ukanywa. Kilikauka mwaka ule kampuni ya dhahabu iliposhusha pampu shimoni. Hakulia. Kulia ni kwa waliokosa maneno.

Alikwenda mkutanoni. Afisa mahusiano wa kampuni, kijana aitwaye Stanslaus, akawaambia wanakijiji kuwa visima vimekaushwa na mabadiliko ya tabianchi.

"Sawa, baba," akasema Paskazia. "Na hayo maji mnayoyavuta shimoni usiku na mchana, nayo yameletwa na tabianchi?"

Watu wakacheka. Stanslaus naye akacheka, akasema swali ni zuri, analichukua. Mkutano wa pili akalichukua tena. Wa tatu Paskazia akamwuliza, "Mwanangu, maswali yetu unayapeleka wapi? Huko wanayala?"

Ndipo akadai desturi. Usukumani jirani akikukosea huitwa barazani, akajibu, akalipa, mkanywa pamoja. Akikataa kuja hutengwa: hapewi moto, hachotewi maji, hasalimiwi, na msiba wake atazika mwenyewe.

"Kampuni ni jirani," akasema. "Tumeiita, haiji. Inamtuma mtoto."

"Lakini mama," akasema Maige, mwenyekiti wa kijiji, "kampuni itakuomba moto lini? Ina umeme mpaka chooni!"

"Moto haituombi. Inatuomba mboga, vyumba vya kupanga na vijana wetu. Tuinyime, mpaka mkubwa wao aje akae kwenye kiti hiki. Hatumpigi, hatumtukani. Ajibu tu."

"Na Masalu wako?" mtu akamrushia kutoka nyuma. "Boza lao la maji si ndiye analiendesha?"

Masalu ndiye mtoto pekee aliyembakia, na kazi yake ilikuwa kumwagia maji barabara za mgodi vumbi lisiruke.

"Na Masalu," akasema Paskazia.

Walibishana mpaka jua likashuka. Waliopinga walisikilizwa, wakashindwa kwa hoja, siyo kwa kelele. Mikono ikanyooka yote, na wa Maige ukiwemo. Paskazia alirudi kwake akitembea kama bibi harusi.

Kesho yake mkokoteni wa nyanya za Maige ulikuwa wa kwanza kwenye geti la mgodi. Wengine wakafuata, kila mmoja na lake: ada, mgonjwa, mkopo. Midomo ilikuwa imekubali. Matumbo hayakuhudhuria mkutano.

Jumapili akaja Masalu na nyama na madumu mawili ya maji. Mama yake alikuwa anakatakata viazi vya michembe, vya kuanika juani.

"Shikamoo, mama."

Kisu kikaendelea.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Mimi siyo kampuni!"

"Stanslaus siyo kampuni," akasema Paskazia, akiviambia viazi. "Maige siyo. Mlinzi wa getini siyo. Kila mtu siyo. Basi kisima changu kimenywewa na nani?"

Masalu akasimama pale mpaka nzi wakaijua nyama. Kisha akaweka vitu chini, akaondoka.

Habari zikazagaa kuwa kuna mama asiyeitikia shikamoo ya mwanawe. Baraza ambalo halikuweza kumleta mkubwa wa mgodi likamleta Paskazia siku ileile. Alikuja, akakaa kwenye kiti, akajibu. Alisema yeye anatii walichokubaliana wote, na mwenye hoja ya kukivunja ailete. Hoja haikuletwa. Wakamtaka aombe radhi, akakataa. Wakamtenga.

Na hili la kumtenga wamelishika vizuri ajabu. Hawamsalimii, na kwenye zamu za kulima wanaliruka shamba lake. Maji anachota kijiji cha pili, dumu kichwani. Boza la mgodi likimkuta njiani hupunguza mwendo, linapita polepole kabisa lisimtimulie vumbi. Paskazia hageuki.