Siku Mama Alipomwita Bwana

Alain, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Richardson, mji ulio kando ya Dallas. Jumamosi hiyo wenzake wa kazini walipanga kwenda kutembea magharibi ya Fort Worth, kwenye kijiji cha zamani cha wachimba makaa ya mawe. Mama yake, Faustine, alikuwa amekuja kumtembelea kutoka mji wa Stafford.

"Twende wote," alisema, "nami ninyooshe miguu."

Kijiji chenyewe kilishakufa. Lilibaki bomba refu la moshi la matofali, bwawa, na njia ya miguu iliyopanda kilima kati ya vifusi vyeusi vilivyoanza kuota nyasi. Wenzake walivaa mabuti ya kupandia milima. Faustine alivaa kitenge na kandambili, na kila alipoona mchicha pori aliinama, akachuma, akafutika kwenye pindo. Mzungu mmoja wa ofisini akampiga picha huku akicheka. Alain akaona aibu. Akaongeza mwendo.

Jackie, Mkenya wa ofisini kwao, akamfikia. "Huyo mathe ni nani wako?"

"Mtu wa kanisani tu. Nilimpa lifti."

Alipogeuka, Faustine alikuwa nyuma yao kabisa. Walipofika penye mteremko wa changarawe ndipo aliponyoosha mkono.

"Bwana Alain, naomba unishike, nisianguke."

Bwana! Mama aliyemvusha mto Malagarasi mgongoni walipokimbia vita! Alain akamshika bila kuthubutu kumtazama usoni.

Njia iliishia kwenye makaburi ya wachimbaji. Mengi yalikuwa makaburi mafupi, ya watoto. Faustine akapiga magoti, akafanya ishara ya msalaba. Jackie akachutama kando yake.

"Mama, wewe Mungu amekujalia watoto?"

"Ninaye mmoja. Hajambo. Kazi tu zinamzidi."

Alain akashindwa kuvumilia. "Jackie, huyu ni mama yangu. Mama yangu mzazi."

Jackie alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamshika Faustine mkono, wakashuka kilima pamoja. Siku hiyo hakumsemesha Alain tena.

Garini Alain aliomba msamaha. Alitamani mama amgombeze. Faustine alimpapasa bega.

"Ungeniambia mapema, mwanangu," alisema taratibu. "Ningebaki nyumbani."