Mlango Uliokataa Rangi

Mume wangu alilala akiendesha gari, halafu akaamua kwamba shida ni rangi.

Ilikuwa alfajiri, barabara ya Outering, akitoka kumshusha abiria uwanja wa ndege. Mchana Tobias Awiti ni karani wa ofisi, na kabla ya ofisi hubeba watu ili karo ya Tiffany wetu ipatikane. Anasema alifumba macho kidogo tu, na alipoyafumbua gari lilikuwa likijikwaruza kwenye kingo za chuma za barabara, upande wake yeye, mlango umebonyea. Hakuumia. Alifika nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, akaketi jikoni, akanieleza yote. Kisha akasema, “Mama Tiffany, Mama asijue.”

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Baba yake alikufa akiwa ameshika usukani, usingizini, akitoka Kisumu. Tobias amefikia umri ule ule, na Mama, mama mkwe wangu tunayeishi naye, husema hata miayo yake ni ya marehemu. Tangu tununue gari, kila Jumapili baada ya kanisa Mama hutoka na chupa yake ndogo ya mafuta ya upako. Humimina kiganjani, huweka kiganja kwenye mlango wa dereva, chini tu ya kioo, na kuomba kwa Kijaluo mpaka majirani wapunguze redio. Nikicheka, nacheka kimoyomoyo. Sijawahi kumwambia aache, kwa sababu miayo hiyo mimi pia naisikia.

Wiki hiyo Mama alikuwa Siaya kwenye matanga, na alitarajiwa Jumamosi.

Palikuwa na Kiarie, fundi wa kunyoosha bodi, gereji yake iko hatua chache kutoka kwetu. Gari likitoka kwake huwezi kujua liliwahi kuguswa. Lakini Kiarie anaimba kwaya moja na Mama, na mdomo wake hauna breki. Isitoshe, hashiki nyundo kabla ya kuuliza gari liligongwa na nini. Anasema lazima ajue pigo lilitoka wapi ndipo akirudishe chuma kilikotoka.

“Sasa nitamwambia nini?” Tobias akauliza.

“Mwambie ni mkokoteni, pale soko la Burma,” nikasema, nikimtania tu.

Hakucheka. “Mkokoteni,” akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Halafu akatikisa kichwa. “Hapana. Nitatengeneza mwenyewe.”

Mtu huyu hajawahi kupigilia msumari ukutani ukanyooka. Alitazama video kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana macho hayo yalikuwa ya kulala, si ya kutazama video. Akanunua puti ya kuzibia mabonyeo, msasa na mikebe ya rangi nyeupe ya kupuliza. Akamwagia mlango maji moto, akabandika ule mpira wangu wa kuzibulia choo mahali palipobonyea, akavuta. Chuma kikarudi kwa kishindo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nami nikamwambia mpira huo usirudi nyumbani kwangu. Akapaka puti, akasugua, akasugua, mpaka akawa mweupe kama mtu aliyetoka posho mill kusaga unga. Na alfajiri bado alikuwa anaenda uwanja wa ndege. Kila akitoka nililala macho wazi nikisubiri geti lilie.

Ijumaa akapuliza rangi. Huku chini ilikaa vizuri, nikaanza kumsifu. Lakini chini ya kioo rangi ilijivuta yenyewe, ikaacha vitundu vitundu, chuma kikituchungulia. Akasugua, akapuliza tena. Ikajivuta tena, mahali pale pale. Mara ya tatu tulitazamana, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumeona mahali penyewe ni wapi. Ni pale Mama huweka kiganja.

Tobias akaketi chini kwenye simiti. “Nitakufa kama baba,” akasema.

“Acha hayo,” nikasema. Mimi napika chapati, na sufuria yenye mafuta naijua, ukiimwagia maji yanakimbia. “Ni mafuta tu, Baba Tiffany. Umeyasugua yakaingia ndani. Papanguze na thina iyayeyushe, upake upya.” Sauti yangu ilikuwa ya mtu jasiri.

Akalowesha kitambaa kwa thina, akakiinua mpaka mlangoni, mkono ukaganda.

“Siku ile hakuna mtu alinipigia honi,” akasema. “Hakuna kitu iliniamsha. Niliamka tu. Nikipanguza hii, nitabaki na nini?”

“Lete.”

Nikachukua kitambaa. Nikasimama mbele ya mlango ule kwa ukali wangu wote, na naapa sikuweza. Niliogopa. Niliwaza alfajiri inayofuata, mume wangu ndani ya gari lililopanguzwa maombi na mimi mwenyewe.

Hapo ndipo geti liliposukumwa. Mama, siku moja mapema, na mfuko wa viazi vitamu kichwani.

Aliutua mfuko. Akatazama mlango, akatazama mikebe, akatazama ule mpira wa choo, na mwisho akamtazama mwanawe.

“Ni nini iligonga gari?”

“Mkokoteni, Mama,” Tobias akasema. “Pale Burma.”

Mama akanigeukia, akaniita binti wa Maragoli kwa Kijaluo. “Nyar Maragoli?”

Nikainamisha macho.

Mama akaketi juu ya viazi vyake. Nikapiga hatua kumwendea. Akainua mkono nisimguse.

“Baba yako aliniambia ni ng'ombe,” akasema. “Ile mara ya kwanza. Alisema ng'ombe iliingia barabarani. Nikaamini, nikampikia, akakula. Gari ikapakwa rangi, ikang'aa. Mara ya pili hakurudi kuniambia ni nini.”

Tobias akaanza kulia, mtu mzima, puti imemganda kwenye nyusi. “Nililala, Mama. Outering. Nilifumba macho tu.”

“Najua.”

Akainuka kwa kushika goti, akaja, akaninyang'anya kitambaa. Akapanguza mlango yeye mwenyewe, kutoka pembe hadi pembe, kwa nguvu, pale kiganja chake kilipozoea kukaa akipasugua zaidi ya kote. Tobias alijikunja kana kwamba anapanguzwa yeye. Mama alipomaliza alitupa kitambaa chini, akanawa, akatoa chupa mkobani.

“Inama.”

Tobias akainama. Mama akachovya kidole, akampaka mafuta kwenye kope, hili jicho na lile.

“Gari hailali,” akasema. “Nilikuwa napaka kitu yenye hailali. Alfajiri hutaenda tena. Karo tutatafuta. Na hii gari ipelekwe kwa Kiarie, ikae huko mpaka nikuone umelala kitandani kama watu.”

Tulilipeleka sisi watatu, mimi mbele na Mama nyuma akimtazama dereva kwenye kioo njia nzima, ingawa gereji ni pale tu. Kiarie akatoka akijifuta mikono. Akapapasa puti ya mume wangu, akajizuia kucheka kwa sababu ya Mama. Halafu akauliza lile swali lake.

“Niaje, Tobi. Hii iligongwa na nini?”

Nilishika mkono wa Mama. Nje watu walikuwa wamesimama, majirani, na wawili wa kwaya.

“Nililala,” Tobias akasema, kope zake bado zinang'aa mafuta.