Pasi Iliyohamia kwa Mdogo Wangu

Miaka ile chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa karakana ya mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Asubuhi alifungua mlango, akaning'iniza utepe shingoni, akakaa kwenye cherehani, nami jikoni nilijua anashona nini kwa kusikia mlio tu. Kikienda mbio, ni suruali za sare. Kikisitasita, ni gauni la bibi harusi, na mama yake kasimama pembeni anaelekeza. Siku hizi macho yamemchoka, cherehani kimefunikwa kitambaa, lakini bado najikuta nikitega sikio.

Sukari ilimpata akiwa na miaka hamsini na miwili. Daktari alimpa vidonge, akamweleza habari ya chakula, kisha akamwambia atembee nusu saa kila siku, ikiwezekana baada ya kula. Fundi aliitikia vizuri kabisa. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye cherehani hadi jioni. Nikimkumbusha, alisema miguu yake inakanyaga pedali tangu asubuhi, mazoezi gani tena. Hakuwa mvivu. Aliona haya kuonekana barabarani mikono mitupu, saa za kazi, kama mtu aliyefilisika.

Mimi nilikuwa namfikiria kaka yake. Sukari ilianza na kidole, ikamaliza na mguu mzima, na mtu yule alikuwa dereva. Kila mara mume wangu alipovua viatu nilimkagua nyayo, hadi akaniuliza kama natafuta sindano iliyopotea.

Basi nikafanya ujanja. Mdogo wangu alikaa mitaa mitatu kutoka kwetu, mwendo wa robo saa. Nikampelekea pasi yetu, Fundi nikamwambia ya mdogo wangu imeungua na ana watoto wa shule, tumvumilie. Sasa, Fundi hawezi kumkabidhi mteja nguo isiyopigwa pasi. Akanuna, akaikunja suruali mkononi, akaenda. Robo saa kwenda, robo saa kurudi. Nilisimama mlangoni nikimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona.

Wiki iliyofuata akawa mjanja kunishinda. Alilimbikiza nguo za siku nne, akazifunga kwenye shuka, apeleke zote mara moja. Mdogo wangu, ambaye tulikuwa tumepanga naye, alimzuia mlangoni.

"Nguo moja kwa siku, shemeji. Hapa siyo kwa dobi."

"Pasi ya nani hiyo unayonipangia masharti?"

"Yako, shemeji. Umeme ndio wangu."

Alirudi na furushi lake akicheka peke yake. Tangu hapo ikawa utani kila siku. Mdogo wangu alisema Fundi anatembea kama suruali yake mwenyewe aliikosea kipimo, naye akajibu kwamba mashati ya mumewe yanalia yakimwona fundi. Akazoea kutoka baada ya chakula cha mchana, na akirudi ananieleza nani kapaka rangi ukuta na mbwa wa nani kazaa. Alikuwa ameishi pale miaka ishirini bila kujua.

Mwezi wa tatu wa safari hizo, mteja mmoja alikuwa na haraka ya koti. Fundi alimeza vidonge, akaondoka. Nilipoingia ndani nikaona sahani yake imefunikwa vilevile. Nikaibeba, nikatoka mbio na kandambili.

Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha duka la viatu, sukari imemshuka, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, koti amelikumbatia lisiguse vumbi. Mwenye duka alikuwa ameshamnywesha soda. Nikakaa kando yake, nikamtazama akila kijiko kimoja kimoja, na rangi ilipomrudia nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote: pasi ya mdogo wangu haikuungua hata siku moja, ni mimi nilipanga, na leo hii yetu nairudisha nyumbani. Nikamtajia na mguu wa kaka yake, jambo ambalo hatukuwahi kulisema kwa sauti.

Akaikagua mishono ya koti, mmoja mmoja.

"Miezi yote hiyo mnanichezesha, wewe na ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Usinidanganye tena, mama watoto." Akafuta jasho. "Lakini pasi iache hukohuko. Ikirudi nyumbani nitakaa. Najijua."

Akasema kuanzia siku hiyo hatoki kabla ya kula, na mfukoni ataweka peremende pamoja na chaki. Kisha akakumbuka mteja anasubiri. Tulipumzika pale kwanza, halafu tukaenda wote, koti nimelibeba mimi. Sikumbuki kama tuliwahi kutembea pamoja mchana hivyo, bila mtoto mgongoni wala kikapu mkononi. Aliniuliza mbona nabaki nyuma. Nikamwambia atangulie tu, nakuja. Nilitaka kuitazama miguu yake yote miwili ikienda.