Kaniki ya Mwezi wa Tano

Nilipokuwa mtoto niliuliza swali moja mbele ya watu wazima, nao wakaendelea kumenya mihogo kana kwamba ni kuku tu aliyepita: kama mtoto yuko tumboni na sisi sote tunamwona, tunamficha asionwe na nani?

Tulikaa kwenye vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa, si mbali na Kipatimu. Ilikuwa enzi ya Wajerumani, mwaka mmoja kabla ya vita vya maji. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa, na mama yangu alikuwa na mimba iliyofika katikati.

Mwiko wa nyumbani kwetu ulikuwa hivi. Mimba haitajwi mpaka mtoto acheze. Na haitoshi mama kusema amecheza. Lazima mama yake mume aje, aweke kiganja tumboni, asubiri mpaka agongwe. Akigongwa, anamfunga mkaza mwanawe kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi, kiunoni, na kuanzia hapo mimba ina wenyewe: mwanamke habebeshwi mizigo, na akitamani udongo wa kichuguu anachimbiwa na kuletewa. Kabla ya kaniki, ukiulizwa unakana. Anayetaja amemkabidhi mtoto kwa wenye macho mabaya, naye atatoka kabla ya siku zake.

Hebu fikiri kidogo. Miezi yote ile ya kutapika na kizunguzungu, mwanamke analima sawa na wenzake, maana hana mimba. Nani kasema hana? Sisi wenyewe, tuliokubaliana kusema hana.

Bibi, mama yake baba, alikaa kijiji cha pili. Alinipenda, siwezi kumsingizia. Alikuwa akiniita mke mwenzangu na kunitania kwamba nimemnyang'anya babu. Mwezi wa nne wa mimba ile alikuja kumtazama mama, akaniita pembeni.

"Mke mwenzangu, huo mdomo wako utie kamba," alisema. "Kichefuchefu kimemwacha mama yako. Sasa atakula mpaka chungu kimkimbie. Mgongo utamuuma, miguu itamkaza usiku, atalala ubavu. Karibuni mtoto atacheza. Nitarudi Ijumaa mwezi ukiandama, na kaniki yangu. Mpaka hapo wewe hujui kitu."

"Najua, bibi. Anakula udongo akidhani nimelala."

"Hujui kitu, nimesema."

Wiki aliyotarajiwa ilifika. Siku ya Jumatatu mama alikuwa ameketi kizingitini, akashtuka, akacheka peke yake. Alinivuta mkono akauweka chini ya kitovu. Nilisubiri. Kisha nikagongwa. Pigo dogo, kama kidole cha mtu anayebisha hodi kwa adabu, halafu jingine.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi ni siri ya watu watatu, mimi, wewe na huyu," mama alisema. "Bibi yako akija Ijumaa atakuwa wa nne."

Jumanne asubuhi akaja mnyapara. Akida wa Wajerumani alitaka pamba ya shamba la serikali ifike pwani upesi, na waliotakiwa kuibeba walikuwa wanawake, mwendo wa siku mbili kushuka vilima. Tulikusanywa wote uwanjani kwa jumbe. Baba na wanaume wengine walikuwa wakifunga mafurushi. Mnyapara yule hakuwa Mjerumani. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, kiboko begani, na Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Wanawake wawili wenye kaniki kiunoni aliwaacha nyuma wachambue pamba kivulini. Aliijua alama ile. Sitaki hilo lipotee, ndiyo maana nalisema mapema.

Mama alipoinamishwa atwikwe furushi, nilipiga hesabu zangu za kitoto. Mwiko ni mpaka mtoto acheze. Mtoto amecheza. Mimi mwenyewe nimemsikia. Basi mwiko umekwisha. Mpaka leo naipindua hoja ile huku na huku, wala sioni tundu lake, isipokuwa kiganja cha bibi.

"Shikamoo," nilimwambia mnyapara. "Mama yangu ana mtoto tumboni. Hawezi kubeba hilo."

Shangazi yangu alijishika mdomo. Mnyapara alinitazama, akamgeukia baba.

"Wewe. Mkeo ana mimba?"

Aliuliza. Kiboko kilikuwa kingali begani, na nafasi kivulini ilikuwapo. Aliuliza.

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini. Bibi alikuwa bado hajafika.

"Hana, bwana," baba alisema. "Mtoto anacheza tu."

Mnyapara alicheka. "Nyie watu wa milimani, uvivu mnaanza kuufundisha watoto wangali na meno ya maziwa." Akaokota kifurushi kingine, akakipachika juu ya kile cha kwanza. Mama alinyoosha shingo, akaupokea mzigo kama asiye na mimba. Naye alikuwa akimlinda mtoto wake kwa njia aliyofundishwa.

Aliondoka kwa miguu. Alirudi Alhamisi, pwani hajaifika, kwenye machela ya matawi, amebebwa na wenzake, damu imekauka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtoto alitoka usiku ule. Alikuwa wa kiume, urefu wa kiganja na vidole vyake.

Ijumaa bibi akafika kama alivyoahidi, kaniki ameikunja kifuani. Hakuambiwa, aliona. Aliikunjua ile kaniki, akamviringishia mjukuu wake, akazifunga ncha taratibu. Kisha akauliza, "Nani alitaja?"

Baba akaninyooshea kidole.

Miaka mingi nilikuwa yule aliyemtaja nduguye. Shangazi hakuniruhusu kukaribia wanawake wenye mimba. Bibi hakuniita mke mwenzangu tena; aliniita kwa jina langu, kama mgeni. Mama peke yake hakunilaumu, lakini hakunitetea pia, na hakupata mtoto mwingine.

Mwaka uliofuata baba na wenzake waliing'oa ile pamba kwa mizizi. Walikunywa maji ya dawa, wakaenda kuzikabili bunduki, na baba hakurudi. Watu humtaja kama shujaa, nami sipingi. Lakini nitasema ambalo halisemwi msibani: mtu aliyekuwa na moyo wa kung'oa pamba ya serikali hakuwa na moyo wa kumjibu mnyapara neno moja fupi. Usiniambie alikana kwa kuwa alimpenda mtoto. Najua alimpenda. Ndilo linalonichoma zaidi, kwamba mnyapara alileta mzigo, na sisi kwa upendo wetu tukamsaidia kuutwika.

Baada ya vita nililelewa Kilwa na ndugu wa mama. Mwalimu wangu wa Kurani chuoni alikuwa akilalamika kwamba katika kila aya nina swali na katika kila jibu nina jingine. Nimekua hivyo hivyo. Mtu akiniambia maneno ya mtoto ndiyo yaliyoua, namuuliza furushi lilikuwa na uzito gani, na njia ilikuwa na miteremko mingapi. Hapo ndipo huniambia nina mdomo.

Sasa mimi mwenyewe niko mwezi wa tano. Mgongo unauma, miguu inakaza kama bibi alivyosema. Mambo hayo aliyajua vizuri, Mungu amrehemu. Mtoto ameanza kucheza juzi. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia majirani, nimemwambia hata mwuza samaki. Mama mkwe wangu ameingiwa na hofu, hataki kuniangalia tumboni. Namheshimu, wala simcheki, maana na mimi usiku naogopa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Ukiwa umesimama karibu na mwanamke mwenye mimba, na mtu mwenye mzigo akakuuliza kama anayo, mjibu kwamba anayo.