Sanduku la Saumu na Daraja la Mkurumudzi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mimi sipendi kukatizwa. Aibu niliyoipata siku ya kupeleka sanduku la mke wa mjukuu wangu imeshafika mpaka Lungalunga, watoto wadogo wananiamkia shikamoo huku wameziba midomo, basi bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko kuisikia kwa wauza samaki wa Gazi, ambao wameshaitia maneno yao (wanasema nilicheza chakacha barazani kwa watu, uongo mtupu, nilipiga vigelegele tu).

Mjukuu wangu Bakari alikuwa anamuoa msichana anaitwa Saumu. Sisi tuko Tiwi, na kwao Saumu ni mbele ya Ramisi, ukishavuka daraja unakata kushoto, kabla hujafika njia panda ya Shimoni. Desturi yetu, kabla ya nikaha wanawake wa upande wa bwana wanapeleka sanduku kwa bibi harusi, yaani nguo, viatu, marashi, udi na halua, vyote vimepangwa kwenye masinia na kufunikwa vitambaa, tunakwenda tunaimba. Sasa baba yake Saumu alikuwa ameshatoa neno lake: sanduku lisipoingia ndani kabla ya alasiri, nikaha haisomwi siku hiyo, kwa sababu sheikh alikuwa na nikaha nyingine kisiwani Wasini, na boti haimngoji mtu. Tena mzee yule hakuwa anatupenda sana, alishasema watu wa Tiwi ni watu wa midomo na hawana kazi nyingine. Kwa hiyo Bakari alinijia asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akanishika mkono.

"Nyanya, nakuomba, leo tusichelewe."

"Tutachelewaje? Barabara ile naijua tangu kabla baba yako hajazaliwa."

Na kweli naijua. Nimeuza nazi kandokando yake, nimeipita ikiwa vumbi, nimeipita ikiwa matope, nimeipita ikiwa lami yenye mashimo ya kumeza mbuzi, na leo wameitengeneza vizuri. Ndiyo maana nilikaa mbele karibu na dereva, Hamisi, mtoto wa mdogo wangu, na nyuma wakajaa wanawake na masinia yao mapajani. Katika gari lile tulilokodi ni mimi peke yangu niliyewahi kufika kwa kina Saumu, tena mara moja tu, usiku.

Tukaondoka tukiimba. Tukapita Ukunda, pale barabara ya Diani inapokata, tuktuk zinajipenyeza kila upande na vijana wanaorudi kazini kwenye hoteli za Galu wanavuka huku wanatazama simu (siku moja mtatazama simu mpaka mjikute kaburini), tukapita Mwabungo, tukapita Kinondo, na kutoka hapo barabara inanyooka, gari linateleza tu, upepo unaingia dirishani mzuri, na mimi nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya watu wote wale, basi nikafumba macho. Nasema nilifumba macho. Sikulala. (Mwanaisha, dada yake Bakari, anasema nilikoroma mpaka wakapunguza kuimba. Mwanaisha ni mwongo tangu utotoni.)

Nilipofumbua, gari lilikuwa juu ya daraja. Chini mto, mbele mashamba ya miwa. Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Mtu mwenye akili angeuliza, "Tumefika wapi?" Neno dogo, halina gharama. Lakini ukiuliza umefika wapi, umekiri kwamba ulikuwa umelala, na mimi ndiye niliyewaambia wale wanawake kwamba nitawaongoza. Tena nikaona daraja, nikaona miwa, nikajua ni Ramisi, maana zama zetu miwa ilikuwa ya Ramisi. Nilisahau kwamba siku hizi miwa imepandwa mpaka huku, na lile halikuwa daraja la Ramisi, lilikuwa la Mkurumudzi, Msambweni yenyewe bado hatujaiona.

"Hamisi," nikasema kwa sauti ya mtu aliyekuwa macho safari nzima, "kata kushoto."

"Mama mkubwa, ni hapa?"

"Kwani mimi nimekuwa mgeni?"

Mwanaisha akachomoza kichwa katikati ya viti. "Nyanya, simu inasema bado. Inasema hatujafika hata Msambweni."

"Hiyo simu imewahi kwenda Ramisi kwa miguu?"

"La, nyanya."

"Basi izime."

Akaizima. Hamisi akakata kushoto, maana ni mtoto aliyelelewa, hawezi kubishana na dada ya mama yake. Na shetani alivyo hodari, hata hatujaenda mbali tukaona makuti yamefungwa pande zote mbili za njia, turubai limesimamishwa, masufuria ya pilau yako motoni na wanawake wamejaa barazani. Nikageuka nikawatazama wale wa nyuma. "Mnaona?"

Tukateremka, masinia vichwani, nyimbo juu. Wanawake wa pale walipotuona wakakimbilia mlangoni, wakatandaza leso kutuzuia, kama inavyotakiwa, maana watu wa bibi harusi ni lazima wawakane wageni na kuwatukana kidogo, ndiyo raha yake. Mbele yao alisimama shangazi mmoja mpana, leso ya manjano kiunoni.

"Hatuwajui!" akapiga kelele. "Nyinyi ni nani? Mmetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Mtatujua leo!" nikamjibu.

"Binti yetu haolewi na watu tusiowajua! Na wewe bibi, mbona kinywa kama honi ya lori?"

"Honi ndiyo inayofungua njia! Ondoa leso yako hiyo, hata haijafuliwa!"

Wakacheka wale, wakacheka wetu, nikawanyunyizia marashi, wakaachia mlango, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Na mimi nawaambieni, yule mama alikuwa anasema kweli tupu. Hawatujui. Lakini naye hakujua kwamba anasema kweli! Wao pia walikuwa wanangoja sanduku siku hiyo, kutoka kwa watu wa Lungalunga ambao hawajawahi kuwaona, si mnajua mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani harusi zinavyogongana.

Tukakalishwa mkekani, tukaletewa pilau, na hapo hakuna aliyetuuliza jina, maana kumuuliza mgeni jina kabla hajala si adabu ya kwetu, na sisi hatukuuliza jina la mtu, maana ukifika kwa wakwe ukawauliza wao ni nani utaonekana mwendawazimu. Adabu juu ya adabu. Masinia yakapelekwa chumbani, halua ikafunguliwa, watoto wakaimaliza, mimi nakula zangu nyama naona mambo yanakwenda vizuri na adhuhuri ndiyo kwanza imeadhiniwa.

Mara shangazi wa manjano akaniita kutoka ndani. "Mama mkwe! Hebu njoo, viatu mlivyoleta vinabana!"

Nikainuka na hasira zangu. Kubana vipi, na kipimo alikitoa Saumu mwenyewe? Nikaingia, nikamkuta bibi harusi amekaa kitandani, uso umepakwa rangi na wanja (siku hizi wanawapaka mpaka mama mzazi hamjui mwanawe), na kiatu kimoja kimeingia mguuni kwa nguvu na hakitoki.

"Saumu," nikamwambia, "mbona umenenepa hivi, mwanangu?"

"Mimi si Saumu, bibi," akasema, machozi yanamlengalenga kwa maumivu. "Mimi Rehema."

Nikamgeukia shangazi. "Hapa ni Ramisi?"

"Ramisi?" akasema shangazi. "Ramisi bado iko mbele huko! Kwani nyinyi si watu wa Lungalunga?"

Kabla sijajibu, ngoma ikasikika njiani. Wimbo. Masinia. Lungalunga imefika.

Akilini nikaona sura ya Bakari, nikaona sheikh anapanda boti. Nikamwambia yule shangazi, "Mwanangu, nitoleeni hicho kiatu, kuna harusi inavunjika." Nao, Mungu awabariki, hawakugomba. Wakaleta mafuta ya nazi, wakampaka Rehema mguu mpaka kifundoni, wawili wakamshika mabega kutoka nyuma, mimi nikashika kiatu kwa mikono miwili, tukavuta. Rehema analia, wanawake wananihimiza kama wavuvi wanaovuta jarife, ule wavu mkubwa, nikavuta tena, kiatu kikachomoka ghafla, na mimi nikaenda kinyumenyume mpaka nje ya mlango wa chumba, nikaanguka chali katikati ya ukumbi, miguu juu, kiatu nimekikumbatia kifuani, mbele ya wageni wa Lungalunga wanaoingia na masinia vichwani.

Wimbo ukakatika.

"Na huyu ni nani?" akauliza mama mkwe wa Lungalunga.

"Wallahi," akasema shangazi wa manjano, "hatumjui."

Safari hii alikuwa hatanii.

Tukakusanya nguo mbio mbio. Badala ya halua waliyoimaliza watoto, watu wale waungwana walitupa kikapu kimoja cha ile iliyotoka Lungalunga, na mama mkwe wao hakufurahi hata kidogo. Garini hakuna aliyeimba. Mwanaisha aliwasha simu, ikaanza kulia hapo hapo, alikuwa Bakari, aliyetangulia na wanaume kwa kina Saumu, na sauti yake niliisikia mpaka mbele: "Mko wapi? Mzee ameshaanza kuwaaga watu!" Tukapita Msambweni, tukapita Milalani, nikaliona daraja la Ramisi lenyewe, na safari hii nilimwacha Mwanaisha aseme kushoto.

Tulipofika, sheikh alikuwa barazani anavaa viatu. Tukashuka bila pumzi, na wanawake wa kina Saumu wakatandaza leso mlangoni, wakapaza sauti: "Hatuwajui! Nyinyi ni nani?"

Sasa na mimi nilivyokuwa nimetishika, sikukumbuka desturi wala jibu. Nikaweka sinia chini, nikasimama wima kama niko mbele ya chifu, nikasema, "Sisi ni watu wa Tiwi, tumemletea sanduku Saumu, anaolewa na Bakari, Bakari ni mtoto wa mwanangu Juma, na mimi ndiye nyanya yake, mnanijua, nilikuja hapa mkanipa uji. Naomba mniambie kama hapa ni kwa Saumu, na kama si hapa, niambieni sasa hivi, msinipe pilau."

Wakaanguka kwa kicheko, leso ikawaponyoka, mlango ukawa wazi. Mpaka baba yake Saumu, ambaye sijawahi kuona meno yake, niliyaona yote. "Mwacheni aingie," akasema. "Huyu ametoka mbali." Sheikh akavua viatu tena, sanduku likaingia, na adhana ya alasiri ikatukuta nikaha imeshasomwa, na Bakari analia kama yeye ndiye bibi harusi.

Saumu alivaa vile viatu. Kimoja kilimkaa sawasawa, kingine kilikuwa kimetanuka na kinanuka nazi, hakusema kitu. Msichana mzuri.

Tuliporudi Tiwi niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, Hamisi na Mwanaisha mbele, nikawapa amri: nikipanda gari lolote, akae mtu karibu nami wa kunifinya, na nikisema sikuwa nimelala, anifinye tena.