Sauti ya Kifungo

Mama Kifungo alikuwa fundi cherehani. Binti yake wa pekee aliitwa Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo mno, mpaka mkunga akasema huyu akidondoka sakafuni mtamtafuta kwa tochi. Jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Kifungo akakua, akasoma akamaliza, akawa karani ofisi ya maji, akanunua kompyuta. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anaoga, anapaka mafuta, anatoka bila kusema anakwenda wapi. Mama yake alijua ni mwanamume tu. Akanyamaza zake, akisubiri kuletewa mkwe.

Kumbe alikuwa anakwenda maktaba kusoma vitabu kwa sauti.

Aliyeyaanzisha yote ni mjomba wake. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Mama Kifungo, mtu mzima ambaye macho yalimwishia kiwanda cha ngozi, kwa dawa zile za kuchovyea, akahamia kwa mdogo wake na hakuondoka tena. Mtaani walimwita Redio, maana akishawaka hazimiki. Maktaba ilikuwa na huduma ya wasioona: unapewa kadi, unaazima kitabu ambacho mtu amekisoma na kukirekodi kwenye sidii, unakwenda kusikiliza kwako, unarudisha. Redio alikuwa mwazimaji mkubwa, na mlalamikaji mkubwa vilevile.

"Huyu msomaji wao ana nini?" alimwambia mpwa wake siku moja. "Mtu anatongozwa kitabuni, yeye anasoma kama anatangaza bei ya saruji!"

"Kwani mjomba ulitaka akutongoze wewe?"

"Nilitaka angalau nijue kwamba kuna mtu anatongozwa!"

Kifungo alicheka mpaka akakaa chini. Jumamosi iliyofuata akaenda kuuliza kama wanataka wasomaji. Walimpa kichumba chenye magodoro yamesimamishwa ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, wakampa maji ya kunywa na kipaza sauti. Akasoma vitabu vitatu. Cha nne hakukigusa. Aliugua ini, akageuka manjano hadi kwenye kucha, na kabla watu hawajajua kama ni ugonjwa wa kuogopa, akawa amekwenda.

Mama Kifungo alirudi kwenye cherehani mapema kuliko watu walivyotegemea. Alishona. Kompyuta ya mwanawe aliifunika kitambaa alichokiunga kwa mabaki ya nguo, akaiacha mezani palepale. Hakulia mbele za watu. Kitu kimoja tu hakukiweza: Redio alikuwa anaviazima vile vitabu vitatu tena na tena, akivimaliza anavianza upya, na ile sauti ikitokea chumbani kwake, Mama Kifungo alikanyaga cherehani kwa nguvu hata kama hakuna nguo chini ya sindano.

"Kaka, punguza."

"Nikipunguza nitasikiaje?"

"Basi funga mlango."

Redio alikuwa mbishi wa kila jambo, lakini hilo hakubishana nalo hata siku moja. Alipapasa ukuta, akaufunga mlango. Mama Kifungo alibaki na sauti ya mbali ambayo maneno yake hayashikiki, akajiambia iko siku atapata nguvu, ataketi asikilize chote, mwanzo mpaka mwisho.

Siku moja alipomsindikiza kaka yake maktaba, mkutubi akawaambia kwamba sidii zinaondolewa. Alikuwa mwanamke mpole, miwani yake imeegeshwa juu ya kitambaa cha kichwa. Alisema vitabu vya wasioona sasa vitasikilizwa kwa simu, vitasomwa na mashine, na sidii zote zirudishwe kabla mwezi haujaisha kwa sababu zinakwenda kusagwa.

"Zote?" Mama Kifungo aliuliza.

"Zote, mama. Mkataba na wenye vitabu ndivyo unavyosema."

Alitaka kusema neno. Lilifika mdomoni, likageuka. Yeye na ofisi hawakuwahi kuelewana. Akifika mbele ya meza yenye karatasi, ulimi unakuwa mzito na mikono inatafuta kitu cha kukunja. Mkutubi hakujua kwamba huyu ndiye mama wa yule msomaji, na yeye hakumwambia.

Njiani, mkono wake ukiwa kwenye kiwiko cha kaka yake, ndipo aliposema.

"Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta ya mtoto. Nimwombe yule dada aniruhusu?"

"Wewe! Kwenye kasha pameandikwa hairuhusiwi kunakili, ulinisomea mwenyewe. Ukimwomba atakusomea sheria, na kadi yangu atachukua. Fanya kimyakimya. Nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu anajua kusamehe. Yule ana miwani."

Mama Kifungo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kwa kicheko hicho shauri likapita.

Kuhusu kompyuta alijua jambo moja. Kifungo ndiye aliyemfundisha, siku walipokuwa wanahamisha picha kutoka kwenye simu. "Unashika, unavuta, unaachia. Mama, taratibu, hiyo mausi si pasi." Picha zikaingia kwenye folda ambayo Kifungo aliipa jina la Mama, na kila alipoifungua baadaye alizikuta zimo, hazijapungua.

Basi akafanya vilevile. Redio aliazima kitabu cha kwanza, yeye akatoa kitambaa, akaweka sidii kwenye kidroo kinachotoka ubavuni, akasubiri vialama vijipange kwenye kioo. Akashika, akavuta, akaachia kwenye folda ya Mama. Ikawa mara moja, hata uzi huchukua muda zaidi kupita kwenye tundu la sindano. Akashangaa. Ili awe na uhakika akabonyeza alama ya kwanza mle ndani ya folda.

"Sura ya kwanza," akasema mwanawe, pale pale, karibu kabisa, kama aliyesimama nyuma ya kiti.

Akazima haraka. Lakini alikuwa amehakikisha. Ndivyo alivyofanya kwa sidii zote za vitabu vyote vitatu: avute, aachie, abonyeze, asikie neno moja au mawili, azime, atoe sidii, airudishe kwenye kasha lake. Redio akazipeleka maktaba zikiwa safi, zimefutwa kwa kitambaa laini.

Wiki zile watu walimwona amebadilika. Alianza kuzungumza na wateja. Alimtania mama mmoja mnene kwamba gauni halijabana, ni yeye aliyepanua maisha. Akipita karibu na ile meza, anagusa kile kitambaa cha viraka.

"Sasa si usikilize?" Redio alimwambia. "Mimi mwenyewe nina hamu, na simu yao ile inanisomea kama askari anayesoma mashtaka."

"Acha nimalize sare za shule."

Sare zikaisha. Yakaja mapazia ya mtu.

"Na sasa?"

"Kaka, mtoto yumo mle ndani. Haendi popote. Siku nikiwa tayari nitakwambia."

Siku hiyo ikafika. Ilikuwa mchana wa mvua, wateja hawakuja, na aliamka akiwa na utulivu ambao hakuutafuta. Alioga. Akamleta Redio akamkalisha kwenye kiti kizuri, akawasha kompyuta, akafungua folda ya Mama, akabonyeza alama ya kwanza.

Kimya. Kikatokea kidirisha chenye maneno ya kigeni. Akakifunga, akabonyeza alama ya pili. Kidirisha. Ya tatu. Kidirisha.

"Ongeza sauti," Redio akasema.

"Nimeongeza."

"Angalia waya."

Waya ulikuwa sawa. Akabonyeza zote, moja baada ya nyingine, kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akaizima kompyuta, akaifunga kwenye shuka na juu yake mfuko wa plastiki, akatoka nayo mvuani kifuani kama mtoto mgonjwa.

Fundi kompyuta alikuwa na kibanda karibu na stendi, mtu wa kuongea akiwa ameuma bisibisi. Aliangalia folda, akainamia kioo, akaitoa bisibisi mdomoni.

"Mama, ulivuta hivi hivi kutoka kwenye sidii?"

"Nilivuta. Na zilikuwa zinaongea! Nilijaribu kila moja."

"Sidii ikiwa bado ndani?"

Akafikiri. "Ndiyo. Ikiwa ndani."

"Ndiyo hapo." Akakuna shingo. "Hizi alama kazi yake ni kuionyesha mashine wimbo uko wapi kwenye sidii. Ulipobonyeza, mashine ilikwenda kuusoma kule kule kwenye sidii. Sauti yenyewe haikuhama. Kuihamisha kuna programu yake, na inachukua muda. Lakini usijali, lete hizo sidii, nitakufanyia sasa hivi."

Mama Kifungo alimtazama.

"Basi zilete kesho," fundi akasema, akidhani ni mvua.

Hakupita nyumbani. Alikwenda maktaba akidondoka maji, na safari hii ulimi haukuwa mzito. Alimweleza mkutubi yote akiwa amesimama: kwamba yeye ni nani, kwamba alinakili kwa siri, kwamba hata kunakili hakujua. Mkutubi alishusha miwani machoni, kisha akaivua.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Mama, zilishaondoka. Gari lilikuja kuzichukua. Na mashine tuliyorekodia ilikuwa ya zamani, tulikuwa tunafuta sauti zilizomo kila tukishazitia kwenye sidii." Alijua hapaswi kusema linalofuata, akalisema. "Ungeniambia tu. Ningekutolea nakala mimi mwenyewe. Alikuwa akija hapa na njugu zake, anatugawia. Ungeniambia tu, mama."

Nyumbani, Redio alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipofika kwenye yale maneno ya mkutubi, ungeniambia tu, mzee akaweka viganja vyote viwili usoni. Siku tatu hakuongea. Majirani wakaja kuuliza kama anaumwa.

Ya nne akaja mwenyewe, anapapasa ukuta, mpaka kwenye cherehani.

"Mimi ndiye niliyekwambia usiombe."

"Na mimi ndiye niliyemwacha anaongea nyuma ya mlango uliofungwa. Kaka, kaa."

Akakaa. Cherehani ikaendelea kidogo, ikasimama.

"Alikuwa anasomaje?" Mama Kifungo akauliza.

Redio akajiweka sawa, akalainisha sauti, akaanza, "Sura ya kwanza..."

"Usimwigize. Tafadhali. Niambie tu."

Mzee akafikiri. Akasema alikuwa anasoma bila haraka, akifika kwenye ugomvi anashusha sauti badala ya kuipandisha, na akifungua ukurasa unasikia karatasi. Akasema katika kitabu cha pili kuna mahali mbwa anakula kofia ya hakimu, na hapo Kifungo alishindwa kujizuia, akacheka, na waliorekodi walisahau kuikata sehemu hiyo. Kifungo akasema samahani, akameza mate, akarudia sentensi.

"Alicheka vipi?"

"Puani kwanza. Halafu ikamtoka yote."

Mama Kifungo akaitikia kwa kichwa, ingawa kaka yake haoni. Ndivyo alivyokuwa anacheka tangu mdogo.

Tangu siku hiyo, kazi ikiisha, anamwuliza. Redio anasimulia, na kusimulia ndiko anakokuweza. Lakini ni mtu mzima, na vitabu alivyovisikia maishani ni vingi. Juzi ile kofia ilikuwa ya mchungaji. Jana mbwa amekuwa mbuzi, na kitabu si cha pili tena, ni cha tatu. Mama Kifungo anasikia mambo yanavyohama, anapitisha uzi kwenye sindano, hamsahihishi.

"Mbuzi akaila kofia yote," anasema Redio.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu akacheka?"

"Ehee. Akacheka."